Mchezo wa Kwanza wa Bertille

Sajini Ignace alichagua sahani ndogo ya bati yenye maua mekundu, akaigeuza pande zote kama mama anayenunua sokoni. Kisha akaiweka sakafuni na kuitoboa kwa singe. Akachagua na kikombe, akakitoboa kitako vilevile. Vyote viwili akavitia katika mfuko wake wa mgongoni.

Damien, muuzaji wa duka, alimtazama kutoka nyuma ya meza huku jasho likimtiririka. Mtu anayeiba sahani kisha akaiharibu, mtu huyo ataharibu chochote.

Huo ulikuwa mwaka 1991, siku askari walipoingia Kalemie kupora. Mwenye duka alikuwa amekwisha kuvuka ziwa kwenda Kigoma tangu asubuhi, akawaachia wafanyakazi wake ufunguo na Mungu. Karibu na mlango alilala Omer, mtunza fedha. Askari wa kwanza kuingia alimwuliza kama redio aliyoishika inalia. Omer akajibu kwamba inalia. Haikulia, naye akapigwa risasi ya shingo. Damu yake ilikuwa imefika chini ya rafu za masufuria.

"Weye," sajini alisema, "nataka ordinatere ya mutoto. Ana miaka mitano. Hajacheza nayo hata siku moja. Chagua muzuri."

Zilibaki kompyuta mbili tu. Ile kubwa ilikuwa ya ofisini, nzima kabisa, lakini mchezo haikuujua. Kazi yake hesabu na barua. Ile ndogo nyeupe ndiyo hasa ya mtoto. Ilikuwa na kaseti ya mchezo wa kuku anayedonoa mahindi, na mchezaji alihitaji kitufe kimoja tu, kinene, ambacho hata kidole cha mtoto kisingekikosa. Ubaya ni kwamba wiki iliyopita umeme uliruka ukaiunguza tumboni. Tangu hapo haikuwaka tena.

"Hii kubwa njo ya nguvu, Chef," Damien alisema. "Atajifunza nayo hesabu."

Kitako cha bunduki kilimwingia tumboni. Alijikunja, akashika meza.

"Nimesema hesabu? Mutoto anataka kucheza. Alikuwa anasimama hapo inje na mama yake, anaangalia ile kuku. Nilimuahidi."

Damien alimkumbuka: msichana mwembamba aliyebandika pua kwenye kioo cha dirisha na kucheka peke yake. Siku nyingi hakuwa amemwona, ila nani anahesabu watoto wa watu?

"Basi ni hii ndogo. Lakini Chef, kwenu courant iko, umeme wa kuiwasha? Televisheni iko?"

Ngumi ilimjibu mdomoni. Alitema jino.

"Courant ni shida yako? Nakuuliza, hii inafaa mutoto, ao haifai?"

Damien alitazama miguu ya Omer. "Inafaa."

"Inatembea muzuri?"

"Inatembea muzuri, Chef."

"Beba. Utaenda kumuonyesha kidude cha kubonyeza."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, na siku hiyo Damien aliomba watu wawe wamekosea. Alitembea na mashine kichwani na mtutu mgongoni. Barabarani askari wawili walikuwa wakigombania godoro. Mmoja alimchana mwenzake mkono kwa kisu, wa pili akaendelea kuvuta godoro kwa mkono mzima. Mwanamke alikuwa anapigwa mikanda kwa sababu hakutaka kuachia cherehani yake. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Askari mmoja kijana akaushika waya wa kompyuta, akacheka, akauvuta. Sajini Ignace alimpiga risasi ya mguu bila hata kusimama.

"Hii ni ya mutoto wangu," alisema, akampita.

Katika kila kona Damien alijiambia, hapa namwambia ukweli. Kona ikapita. Alitegemea wataelekea kambini, kwenye umeme, lakini sajini alimsukuma upande wa mlima. Nyumba zikaisha. Nguzo za umeme zikaisha. Hapo ndipo Damien alipopunguza mwendo, kwa maana mahali kama hapo mtu huuawa bila kumsumbua yeyote.

"Tua."

Damien alitua mzigo, akaanguka kifudifudi. Uoga ulikuwa umemla hata haya. Alishika viatu vya sajini na kusema yote kwa pumzi moja:

"Chef, nisamehe. Nilikudanganya. Hii mashine ilishakufa. Iliungua, haitawaka tena. Nilikuwa naogopa."

Vyombo vya bati vilitolewa mfukoni vikigongana. Damien alisikia bunduki ikigeuzwa kitako juu. Alifumba macho, akamwita mama yake.

Pigo likashuka. Likaja la pili, na la tatu. Vipande vikavu vilimrukia usoni, na ilimchukua muda kutambua kwamba kichwa hakimuumi.

Akafumbua macho. Vitufe vyeupe vilikuwa vimetawanyika juu ya kaburi fupi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi, kati ya sahani yenye tundu na kikombe kisicho na kitako. Msalabani paliandikwa Bertille. Sajini Ignace alikuwa analia, makamasi yakimfika mdomoni.

"Kwetu Ankoro, kitu kizima hakifiki kwa mufu," alisema. "Kama hiki kilishakufa, basi kitamufikia mbio. Sasa sogea karibu, umuonyeshe kidude cha kubonyeza."