Duka Bila Ardhi

"Piga!" Mung'aro alimwambia fundi. "Wangoja nini? Ukuta wangu huo."

Nyundo ikashuka. Rangi ya kijani ikabanduka, chini yake ikachungulia ya waridi, na chini ya waridi samawati. Mwenyewe alisimama katikati ya njia pale Bondeni, mikono nyuma, kama mtu anayesimamia maziko.

Ukuta ulikuwa wake, kweli. Ardhi haikuwa yake hata chembe. Ndivyo zilivyo nyumba nyingi za mtaa ule: mawe na mabati ya mkaaji, udongo wa tajiri, na kila mwezi kodi ya kiwanja. Babu yake ndiye aliyelijenga duka hilo, akawauzia makuli wa Kilindini chai na mahamri. Baba yake akaondoa majiko, akatundika baiskeli mbovu. Yeye Mung'aro akaleta kanda za video, watoto wa mtaa mzima wakajazana mlangoni kutazama Wahindi wakiimba mvuani. Kanda zilipokufa, akamwachia bintiye Mbodze afungue saluni. Lo, saluni hiyo! Hata maharusi wa Nyali walivuka daraja kumfuata. Kisha Mbodze akamfuata Mumo, karani wa bandarini, bila posa wala radhi. Babake alinunua mkebe wa rangi ya kijani, akaifuta ile ya waridi alasiri moja. Tende alizoleta binti mwezi wa Ramadhani zilirudishwa pamoja na mfuko wake. Toka hapo mzee akauza vocha na kuwatumia watu pesa.

"Baba Mbodze, subiri basi," jirani yake Mwanaesha alimsihi. "Mtu havunji riziki yake kwa mkono wake."

"Niite kwa jina langu, Mwanaesha."

"Haya, Mung'aro. Dalali si alikwambia ukae? Ati aliyenunua ardhi hana haja nawe, wala kodi hataki?"

Mung'aro akacheka, na cheko lenyewe chungu. "Na Baya, jirani yetu wa pale nyuma, aliambiwaje? Si hivyo hivyo? 'Kaa, mzee wangu, starehe.' Alfajiri tingatinga likaja, mlango wa mvule ukasagwa pamoja na mawe. Tajiri gani anunue kiwanja mjini, kisha amwachie maskini bure? Na jina lake afiche!"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Bondeni nzima ilishaumwa.

Si kwamba mzee hakuhangaika. Kwa chifu alikwenda, akaambiwa hana kesi. Kwa wakili alikwenda, akaambiwa sheria inampa haki moja tu, kubeba vilivyo vyake. Basi na avibebe, kabla havijabebwa.

Kufika adhuhuri paa lilikuwa chini. Mabati yalifungwa kamba, mlango ukalazwa juu ya mkokoteni, mawe yakarundikwa kando. Mung'aro alilia mbele za watu bila kujificha. Iliuma kuliko kifo cha babake, maana babake aliuawa na maradhi, na duka aliliua yeye.

Ndipo tuktuk ikaja mbio kutoka upande wa Makadara. Dalali Ronald akaruka kabla haijasimama.

"Mzee! Mzee wangu, umefanya nini?"

"Nimemsafishia tajiri wako kiwanja chake," Mung'aro akasema, akijifuta macho kwa pindo la kikoi. "Mwambie aje akilalie."

Ronald akatazama kifusi, akatazama mkokoteni. Akaketi juu ya mawe.

"Nilikwambia ukae. Zaidi ya hapo sikuwa na ruhusa kusema, aliniapisha nisimtaje," akasema. "Alisema ukijua tu kwamba ni Mbodze, hutalala hapa hata usiku mmoja."