Besi ya Libuyu

Mizani ya muuza maharage ilionyesha kilo tano, na hicho kilikuwa kiwiliwili tu cha gitaa la besi, bila shingo wala nyuzi. Placide, fundi wa vitanda wa mtaa wa Muhumba, alikuwa amekichonga kwa ubao mnene wa libuyu, mti mzito wa kutengenezea vitanda.

“Papa Placide, hii iko gitaa ao kitanda?” maman mmoja, mpiga besi wa kwaya, alimuuliza. “Misa inachukua saa tatu nzima, na sisi tunapiga huku tunacheza!”

Placide alikigeuza, akaanza kukitoboa mashimo mgongoni kwa keekee ili kipungue uzito, kidole kimoja kikigusa uso wa mbele uliokwisha kupakwa vernisi. Akipitiliza, kazi yote imeharibika. Kila mtetemo ulipozidi kidoleni, aliacha shimo hilo, akaanza jingine.

Mizani ikaonyesha kilo tatu.

Akakifunga mkanda, akamvisha yule maman begani. Miguu yake ilikuwa imekwisha kuanza kucheza Gloria, wimbo wa misa.