Kitundu cha Kofia

Mize aliitandaza kofia ya mumewe juu ya sufuria iliyopinduliwa, ipate kukauka na umbo lake. Akiwa anailainisha, kidole kikakwama. Kofia ile aliishona mwenyewe kabla hawajaoana, miezi minne, kitundu baada ya kitundu, kila kimoja akikizungushia uzi. Sasa nyuma kulikuwa na kitundu kimoja kilichozungushiwa uzi mpya. Yeye humalizia kwa kuuficha uzi, ila hapa paliachwa fundo nono kama mbegu ya papai.

Makame alikuwa barazani akimenya chungwa.

"Bwana, nani kakushonea kofia?"

"Kofia gani tena?"

"Kwani una vichwa vingapi?"

Makame akacheka, akaona hachekewi. "Ilinasa kwenye msumari. Nikaishona mwenyewe, nilijua utanuna."

"Wewe? Kifungo kikikatika unafunga shati kwa pini!"

"Nimejifunza, mke wangu."

"Kwa nani?"

Makame akatema kokwa za chungwa, moja moja.

Mize akaingia ndani, akatoka na sindano, uzi na kitambaa cheupe alichokitoboa katikati. "Haya, nizungushie hiki kimoja tu. Nakutazama."

Makame akajifuta mikono kwenye kikoi. Akalamba ncha ya uzi, akaipeleka kwenye sindano, ikapita pembeni. Akailamba tena. Mize akavuta kigoda, akakaa naye goti kwa goti, na bila kujijua akazuia pumzi, akiuombea ule uzi uingie.