Bomba la Uani

Madola makubwa yalisogeza tena mstari wa ushawishi wao, bila hodi, ukakata uani mwa watu. Kila mtu alihesabiwa upande aliolala siku hiyo. Bomba la uani kwa Riziki, lililokuwa likiwatii watu wa upande wa wifi yake tu, sasa likautii mkono wa Riziki tu.

Wifi akaja na ndoo. "Wifi, tufungulie. Mama amefariki, hatuna maji ya kumwoshea."

Riziki akamkumbuka mwanawe Shazili, mwaka jana, maiti inangoja maji, na jibu la wifi huyuhuyu. Akamrudishia lilelile: "Kawaombe wakubwa wako."

Roho yake ikasuuzika.

Ndipo mumewe, aliyekuwa akilala kule ng'ambo ya mstari kumuuguza mamake, akajitokeza nyuma ya dada yake na ndoo ya pili.

"Na mimi nikawaombe, Mama Shazili?"