Tangazo Kutoka Bujumbura

"Siandiki," Rahima alisema, akaisukuma kadi upande wa pili wa meza.

Abel akairudisha. Yeye na shemeji yake, Getruda, walikuwa wamevuka ziwa kutoka visiwa vya Muleba, wakaulizia mjini Bukoba mpaka wakaelekezwa Kibeta, kwa mwalimu wa Kifaransa. Kadi ilitoka Bujumbura, nayo ilikuwa imelowa. Yalisomeka maneno ya juu tu, *faire-part*, pamoja na jina la Magesa, mumewe Getruda, na namba ya simu ya parokia.

"Wakili anataka Kiingereza chake," Abel alisema. "Andika tangazo la kifo. Kaka amefariki."

"Neno hili ni tangazo tu. Laweza kuwa la kifo, la harusi, hata la mtoto kuzaliwa. Nani kakwambia amefariki?"

"Shemeji alipigiwa simu. Tuna mirathi ya kufungua, mwalimu. Mitumbwi imelala."

Hapo Rahima akachemka. Yeye mwenyewe alikuwa mjane, na mashemeji zake waligawana hata masufuria kabla ya arobaini. Akamtazama Getruda: macho makavu, taya zimebana, vidole vinaukaba mkoba kama vinataka kuunyonga. Maskini, akawaza, ameburutwa mpaka hapa aje ashuhudie akinyang'anywa.

"Mimi siui mtu kwa kalamu ili wewe upate mitumbwi," akamwambia Abel.

"Unanitukana, mwalimu."

"Bado sijaanza. Kasubiri nje."

Abel alitoka akiubamiza mlango. Rahima akapiga ile namba. Padri aliyepokea alizungumza kwa furaha, akacheka mara mbili, na kila alipocheka Rahima alizidi kukunja uso. Akakata simu. Akavuta kiti karibu na Getruda.

"Dada, pole. Mumeo ni mzima. Kadi hii ni ya harusi yake. Amefunga ndoa huko mwezi uliopita." Akamshika mkono. "Lakini usiogope. Maadamu yu hai, huyo shemeji yako hatagusa kitu."

Getruda aliutoa mkono wake taratibu, akachukua karatasi tupu na kuiweka mbele ya mwalimu.

"Najua, mwalimu. Aliyenipigia simu ni bibi harusi mwenyewe. Abel ndiye asiyejua. Andika kifo."