Mchirizi wa Tatu

Baba Riziki hakuwahi hata siku moja kuigusa mashine ya mkewe ya kukaushia nywele, ile ya saluni. Leo aliiomba mwenyewe, tena kwa upole uliomtia Semeni wasiwasi.

Semeni akampelekea uani, akamkuta amechuchumaa mbele ya pikipiki yake ya magurudumu manne. Madigadi ya mbele, ya plastiki nyekundu, ilikuwa na michirizi myeupe mitatu, kama mtu aliyeparurwa na paka.

"Umegonga nini, baba Riziki?"

"Tawi tu, mama. Plastiki hii ikipinda hugeuka nyeupe, ukiipasha moto weupe unapotea. Hebu nisaidie."

Tangu jana mji mzima ulikuwa ukiulizana nani aliyemgonga mzee Mahimbo, muuza maziwa, akamwacha mtaroni na mguu uliovunjika.

Semeni akawasha mashine. Mchirizi wa kwanza ukafifia, ukatoweka kabisa. Wa pili nao ukaenda zake.

"Tawi gani hilo," akauliza, "linalonuka maziwa yaliyochacha?"

Mumewe akacheka peke yake. "Pua zako hizo! Malizia huo mmoja."

"Hodi wenyewe!" Alikuwa mke wa mzee Mahimbo, yuko mlangoni. "Nimekuja kuwaazima pikipiki, nimrudishe mzee hospitali."

"Fanya upesi," baba Riziki akanong'ona.

Semeni akaizima mashine, akaukunja waya wake taratibu.

"Karibu, bibi," akaitikia. "Pita huku huku uani."

Kwenye madigadi, mchirizi wa tatu ulikuwa ungali mweupe pe.