Spika ya Kulia

Kanubhai, mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili, alimwachia fundi Nassibu kigari chake amfungie spika mbili kubwa huku nyuma, kwenye buti. Saa tano akaja mtu wa suti ya Kaunda. Akaonyesha kitambulisho cha usalama, akasukuma kinasa sauti kidogo chini ya kiti.

"Ya kulia isiende kwenye redio, iunge hapa," alisema taratibu. "Spika ukiigeuza inasikia. Wewe fundi, unajua."

Nassibu alijua. Waya mwekundu ulimteleza mara mbili kwa jasho la vidole ndipo akaukaza.

Walipomwona Kanubhai anakuja, yule mtu akawasha kinasa, akavuka barabara, akaketi kwenye benchi la muuza kahawa.

Kanubhai aliingia kiti cha nyuma amechangamka. Nassibu akamwekea kaseti.

"Mbona hii ya kulia bubu?"

"Waya tu, mzee. Nitaurekebisha."

"Basi zima, ingia tuongee."

Ng'ambo, yule mtu alikuwa amesimama. Nassibu akaingia, akafunga mlango.

Kanubhai akamsogelea, akanong'ona: "Zile katoni za sabuni nilizoweka kwako, huu msako wa walanguzi ukifika, mkeo atasema za nani?"

Nassibu akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka, huku akitikisa kichwa.

Kanubhai akampigapiga mgongoni kwa huruma, akangoja amalize. Kisha akarudia swali lake, safari hii kwa sauti.